Je, wajua kwa nini Hispania ilimfukuza kazi mwalimu aliyekwisha kuzikwa?

Mwaka 1941, kamati ya Madrid iliyokuwa ikichunguza mienendo ya walimu wa sekondari ilifikia uamuzi kuhusu mwalimu mmoja wa Kifaransa: aondolewe moja kwa moja katika utumishi wa serikali. Mwalimu huyo hakukata rufaa. Alikuwa amefariki tarehe 22 Februari 1939 huko Collioure, mji mdogo wa wavuvi kusini mwa Ufaransa, na kuzikwa hukohuko. Alirudishwa kazini mwaka 1981, miaka 42 baada ya mazishi yake.

Jina lake ni Antonio Machado. Nchini Hispania watoto hukariri mashairi yake shuleni, na ukimtaja popote utaambiwa ni mmoja wa washairi wakubwa wa karne ya 20. Lakini ushairi haukumlisha. Tangu 1907 mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipovuruga kila kitu mwaka 1936, mshahara wake ulitoka darasani, akiwafundisha vijana wa mikoani vitenzi vya Kifaransa. Aliyefukuzwa ni huyo mwalimu, wala si mshairi. Tofauti hiyo ina uzito, kama tutakavyoona.

Anayeisikia habari hii kwa mara ya kwanza hucheka kidogo, kisha husema: makarani hao. Nchi imetoka vitani, majalada yamerundikana hadi darini, hakuna aliyewapa watu wa ofisini taarifa ya msiba, basi faili likaendelea na safari yake mpaka mwisho. Maelezo hayo yanaridhisha kwa sababu kila mtu ameshawahi kuzungushwa na ofisi ya namna hiyo. Shida ni kwamba hayalingani na mambo yalivyokuwa.

Kwanza, kifo chenyewe hakikuwa siri. Kaka yake Antonio, Manuel Machado, naye mshairi wa jina, alikuwa Burgos, makao makuu ya upande wa Jenerali Francisco Franco, ulioiasi serikali ya Jamhuri na hatimaye kushinda vita, na aliuunga mkono upande huo kwa kalamu yake. Mwaka 1938 alichaguliwa kuingia katika Chuo cha Kifalme cha lugha ya Kihispania. Huyo si mtu ambaye msiba wake ungepita kimyakimya. Alipopata habari alifunga safari hadi Collioure, na alipofika akakuta kwamba mama yao naye amekwisha kufa. Kisha akarudi Burgos. Ndugu wawili, vita kimoja, pande mbili. Kwa Hispania ya wakati ule hilo halikuwa jambo geni.

Pili, na hapa ndipo hadithi ya makarani inapovunjika kabisa, mashairi ya Antonio Machado yalichapishwa upya mjini Madrid mwaka huohuo wa 1941. Hayakuchapishwa kwa kificho. Yalitolewa na Espasa-Calpe, nyumba kubwa ya uchapishaji, yakiwa na dibaji ya Dionisio Ridruejo, mshairi wa Falange, chama cha kifashisti kilichomuunga mkono Franco, aliyewahi kuongoza propaganda ya utawala wa Franco. Dibaji hiyo ilikuwa imeshatoka jaridani mwaka 1940, na hoja yake ilikuwa kwamba Machado alikuwa mzee mwema aliyetumiwa na maadui, kwa hiyo wao, washindi, walikuwa wakimwokoa. Kwa maneno mengine, utawala uleule, katika mji uleule, mwaka uleule, ulimkumbatia mshairi kwa mkono mmoja na kumfukuza mwalimu kwa mkono wa pili. Karani asiye na habari angeweza kufanya hilo la pili. Asingeweza kufanya yote mawili.

Tatu, sheria za wakati ule hazikuwa na aibu mbele ya maiti. Sheria ya Wajibu wa Kisiasa ya tarehe 9 Februari 1939, iliyotoka siku 13 tu kabla Machado hajafa, ilikubali kesi ifunguliwe au iendelee dhidi ya marehemu, na adhabu ya fedha ilipwe kutoka katika mali aliyoiacha. Hiyo ilikuwa sheria nyingine, na mchujo wa walimu ulikuwa na kanuni zake, lakini inaonyesha hewa iliyokuwa ikivutwa maofisini. Kufa hakukuwa sababu ya kutosha ya kufunga faili.

Wako wanaosema basi ilikuwa ni fedha: serikali ilikwepa kulipa mafao. Kwa walimu wengine huenda hilo lilikuwa na uzito. Kwa Machado silioni. Mke wake alifariki mwaka 1912, hawakujaliwa mtoto, na José, ndugu yake aliyekimbia naye, aliishia Chile. Hakukuwa na mjane wala yatima wa kunyimwa.

Maisha yake kabla ya hapo tuyapitie haraka. Alizaliwa Sevilla mwaka 1875, akalelewa Madrid, na akasoma katika Institución Libre de Enseñanza, shule ambayo (angalia mambo yanavyojirudia) ilianzishwa mwaka 1876 na maprofesa waliofukuzwa chuo kikuu kwa kukataa kufundisha kwa kufuata matakwa ya kanisa na mfalme. Kifaransa chake alikipata Paris, alikowahi kufanya kazi ya kutafsiri. Alipita mtihani wa ushindani wa walimu wa lugha bila kuwa na digrii. Digrii yake ya falsafa aliipata baadaye, mwaka 1918, akiwa mtu mzima mwenye kazi. Vituo vyake vya kazi vilikuwa Soria, Baeza, Segovia, na mwisho Madrid kuanzia 1932. Soria ndiko alikooa na ndiko alikozika: Leonor Izquierdo alikuwa na miaka 15 walipofunga ndoa mwaka 1909, yeye 34, na kifua kikuu kilimchukua binti huyo baada ya miaka mitatu.

Kuhusu kazi yake, Machado mwenyewe aliwahi kuandika kwamba hakuwa na wito wa ualimu, ila alijitahidi kutimiza wajibu. Ni unyenyekevu usioaminika sana. Mtu asiye na wito haendi Segovia kusaidia kuanzisha chuo cha jioni kinachowafundisha wafanyakazi bure, wala hatungi, kama alivyofanya Machado, mwalimu wa kubuni anayeitwa Juan de Mairena, ambaye ajira yake rasmi ni kufundisha mazoezi ya viungo lakini anawapa wanafunzi somo la balagha bila malipo.

Alikuwa mfuasi wa Jamhuri, serikali iliyochukua nafasi ya ufalme, waziwazi. Tarehe 14 Aprili 1931, siku Jamhuri ilipotangazwa, alikuwa miongoni mwa waliopandisha bendera yake kwenye jengo la manispaa ya Segovia. Majenerali walipoasi Julai 1936 alikuwa na miaka 61 kamili au karibu yake, mgonjwa wa kifua, mzito wa kutembea. Novemba mwaka huo alihamishwa kutoka Madrid iliyokuwa ikishambuliwa, akapelekwa Rocafort karibu na Valencia, kisha Aprili 1938 Barcelona. Hakushika bunduki hata siku moja. Alichofanya ni kuandika makala za kuitetea Jamhuri, katika jarida la Hora de España na gazeti la La Vanguardia.

Barcelona iliangukia mikononi mwa Franco tarehe 26 Januari 1939. Machado alikuwa ameondoka siku nne kabla, usiku, pamoja na mama yake Ana Ruiz aliyekuwa na miaka 84, ndugu yake José na mke wa José. Barabara ya kuelekea mpakani ilikuwa imejaa. Karibu watu nusu milioni walivuka kuingia Ufaransa katika wiki hizo, na wengi wao, walimu wakiwemo, waliishia kwenye kambi za mchangani ufukweni, kama Argelès-sur-Mer, kilomita chache tu kutoka Collioure. Familia ya Machado ilivuka kwenye mvua, mizigo ikiwa imeachwa njiani, ikalala ndani ya behewa la treni katika stesheni ya Cerbère. Kesho yake mwandishi Corpus Barga aliwasaidia kufika Collioure, wakapata vyumba katika hoteli ya Bougnol-Quintana. Hawakuwa na mbele wala nyuma.

Hapo hotelini kuna jambo dogo ambalo kwangu lina uzito kuliko hotuba zote zilizowahi kusomwa kwenye kaburi lake. Jacques Baills, mfanyakazi wa stesheni ya Collioure, alikuwa akiishi hotelini humo na kusaidia kuandika daftari la wageni. Akaona jina: Antonio Machado, kazi yake, mwalimu. Baills alikuwa amejifunza Kihispania kwenye darasa la jioni, na mashairi ya mtu mwenye jina hilo yalikuwa ndani ya daftari lake la masomo. Akamfuata yule mzee na kumuuliza kama ndiye. Ndiye. Tunayajua haya kwa sababu Baills aliyasimulia baadaye, na kumbukumbu ya mtu mmoja ni kumbukumbu ya mtu mmoja. Lakini ukimtazama Machado alivyoishi, sioni ajabu kwamba alipoulizwa kazi yake hakujibu mshairi.

Alikaa hapo chini ya mwezi mmoja. Alifariki Februari 22, na mama yake akamfuata siku tatu baadaye. José alikuta mfukoni mwa koti lake kipande cha karatasi chenye maneno machache ya penseli, ukiwemo mstari mmoja wa shairi juu ya anga la buluu na jua la utotoni. Ilifika pia barua kutoka Uingereza: John Brande Trend, profesa wa Kihispania wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alikuwa akimpa nafasi ya kufundisha. Ilimkosa. Kwa hiyo mwalimu huyu alipewa kazi baada ya kufa, na baadaye akafukuzwa kazi baada ya kufa, na Cambridge na Madrid hazikuwa zimeshauriana.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe. Ili kuelewa jinsi maiti inavyoweza kufukuzwa, lazima uone kwamba ule mchujo haukuwa wa kawaida.

Chukua jengo la vyumba vya kupanga lililopata mwenye nyumba mpya. Njia tuliyoizoea ya kumwondoa mpangaji mkorofi ni kumtambua, kuthibitisha kosa lake na kumpa notisi. Mwenye nyumba huyu hafanyi hivyo. Usiku mmoja anabadilisha vitasa vya milango yote. Kunapokucha wapangaji wote wako nje, wema na wabaya, na tangazo limebandikwa getini: anayetaka ufunguo aandike barua ya kuomba, aeleze kwa kiapo alivyoishi miaka ya nyuma, ataje majirani waliokuwa na fujo, kisha asubiri watu wa mtaa waulizwe habari zake. Tazama kilichobadilika. Mwenye nyumba hana tena kazi ya kumfukuza mtu, maana wote wameshatoka. Anachoamua ni nani arudi. Mzigo wa kuthibitisha umehamia kwa mpangaji. Na yule asiyetokea kuomba? Huenda amesafiri, huenda yuko gerezani, huenda amekufa. Kwenye daftari chumba chake kinaonekana vilevile: hakuna maombi. Daftari haliwezi kufungwa huku mstari mmoja ukiwa mtupu, kwa hiyo kuna siku mtu atakaa chini na kuandika humo neno la mwisho.

Hivyo ndivyo mchujo wa walimu wa Hispania ulivyofanya kazi. Amri ya tarehe 8 Novemba 1936, iliyotolewa na upande wa Franco vita vikiwa bado vichanga, iliunda kamati za aina nne zilizopewa herufi. A ilikuwa ya vyuo vikuu, B ya shule za uhandisi na usanifu, C ya sekondari na vyuo vya ualimu, D ya shule za msingi. Machado aliangukia C. Mwalimu wa shule ya msingi wa kijijini aliangukia D, na ripoti juu yake ziliombwa kwa watu wanne: meya, paroko, mkuu wa kituo cha askari wa Guardia Civil, na mzazi mmoja mwenye sifa njema. Waliulizwa kuhusu ufundishaji, lakini pia kuhusu kwenda misani, magazeti aliyosoma, na marafiki zake. Mtu akionekana na doa alipewa hati ya mashtaka na siku 10 za kujibu. Adhabu zilipanda ngazi kwa ngazi: kuhamishwa kituo, kusimamishwa kazi bila mshahara, kuzuiwa kushika uongozi, kustaafishwa kwa lazima, na juu kabisa kuondolewa moja kwa moja.

Kwa mwalimu aliyekimbilia ng'ambo, mtego ulikuwa mkamilifu. Kuomba kurudishwa kulimaanisha kurudi na kujisalimisha. Kutoomba kulihesabiwa kama kukiri. Ndiyo maana si sahihi kudhani kwamba walimu waliokwenda uhamishoni walikuwa wapiganaji au wanasiasa waliokimbia adhabu ya jambo walilofanya. Wapo waliokuwa hivyo. Lakini wengi kosa lao lilikuwa wazi kwa kamati hata bila ushahidi: hawapo. Kwa upande wa Machado kulikuwa pia na makala, na bendera ya Segovia, na jina ambalo kila mtu alilijua, kwa hiyo kamati haikuhitaji kutafuta sana.

Haki inataka lisemwe pia kwamba kubadilisha vitasa hakukuwa uvumbuzi wa upande mmoja. Tarehe 27 Septemba 1936, wiki kadhaa kabla ya amri ya upande wa Franco, serikali ya Jamhuri ilisimamisha haki za watumishi wote wa umma na kuwataka waombe upya kwa kujaza fomu ya maswali. Tofauti iko kwenye muda na ukubwa: mchujo wa Jamhuri ulikufa na Jamhuri yenyewe, ule wa Franco uliendelea miaka mingi baada ya risasi kunyamaza. Wanahistoria waliopitia majalada ya walimu wa shule za msingi hukadiria kwamba takriban robo yao walipewa adhabu fulani, na sehemu ndogo zaidi walifukuzwa kabisa. Makadirio hayo yanatofautiana mkoa kwa mkoa, kwa hiyo yasichukuliwe kama hesabu ya dukani. Wala hayawagusi waliouawa katika miezi ya kwanza bila faili lolote kufunguliwa.

Waliobahatika kupata meli wakaanza upya. Mexico ya Rais Lázaro Cárdenas ilipokea wakimbizi wapatao 20,000, na walimu waliokuwamo hawakukaa bure: Instituto Luis Vives ilifungua milango Mexico City mwaka 1939, Colegio Madrid ikafuata 1941. Mwaka uleule, yaani, ambao Machado alifukuzwa. Mwalimu mwingine, Patricio Redondo, alikwenda San Andrés Tuxtla katika jimbo la Veracruz, akaanzisha shule ambamo watoto walichapisha maandishi yao wenyewe kwa mashine ndogo ya chapa, mbinu aliyokuwa ameizoea Catalonia kabla ya vita. Machado angeweza kuwa miongoni mwa watu hao kama mapafu na moyo vingemruhusu.

Huko nyumbani jina lake liliendelea kuwa na nyuso mbili kwa muda mrefu kuliko mtu angetegemea. Mashairi yalisomwa. Lakini Februari 1966, watu walipokusanyika Baeza kumwekea sanamu ya kichwa iliyochongwa na Pablo Serrano, katika mji ambao aliufundishia miaka saba, polisi waliwatawanya. Mshairi aliyeokolewa na dibaji ya 1941 alikuwa bado ni mwalimu aliyefukuzwa.

Agizo la wizara la mwaka 1981, Franco akiwa amekufa tangu 1975, lilimrudishia Machado nafasi yake ya ualimu katika sekondari ya Cervantes, Madrid. Halikuwa na malimbikizo ya mshahara ya kulipwa kwa yeyote; José alikuwa amefariki Chile mwaka 1958, na Manuel Madrid mwaka 1947. Lilibadilisha neno moja ndani ya faili moja, na kwa kufanya hivyo likamwacha mtu aliyezaliwa 1875 akiwa, kwenye karatasi, mtumishi halali wa shule ya sekondari akiwa amevuka miaka 100.